Mwanamke Aliyefua Mtoni: Insha juu ya Uigizaji wa Virginia McKenna

Katika picha ya sinema iitwayo Born Free, iliyotolewa mwaka 1966, moja katika mambo ya kwanza anayoonyeshwa mtazamaji ni kifo. Mwanamke Mwafrika anafua nguo mtoni. Simba anamvamia, na basi. Mwanamke huyo hapewi jina, wala hatumwoni tena. Kifo chake ndicho kinachompeleka Bwana Nyama, George Adamson, porini kumsaka simba mla watu. Katika msako huo anauawa simba jike mwenye watoto watatu, na mmoja wa watoto hao ndiye Elsa, ambaye habari zake zimeenea ulimwenguni kote. Kwa hiyo twaweza kusema ya kuwa hadithi nzima imejengwa juu ya mwili wa mwanamke yule, ijapokuwa wajenzi hawakurudi tena kuutazama msingi.

Mara ya kwanza nilipoitazama picha hii nilikuwa Mbingu, katika bonde la Kilombero, ndani ya kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na jenereta iliyopiga kelele kuliko wasemaji. Mpunga ulikuwa umekaribia kukomaa. Watazamaji wengi walikuwa watu wa mashambani, ambao katika majira hayo hulala madunguni wakiwafukuza nguruwe mwitu, na kwao mnyama wa porini si habari ya kusimuliwa tu. Mfasiri aliyekuwa akiyageuza maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili chake mwenyewe alikwisha fika mbali, akituchekesha juu ya simba mchanga anayejilaza kitandani mwa Wazungu, wakati mama mmoja aliyeketi nyuma alipouliza kwa sauti mbona mazishi ya yule marehemu wa mtoni hayakuonyeshwa. Hakuna aliyemjibu. Mfasiri alicheka, akaendelea na kazi yake.

Swali lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Insha hii ni jaribio la kulijibu kwa njia ya mzunguko, yaani kwa kumtazama mwigizaji ambaye uso wake ulitufanya sote, isipokuwa mama yule, tumsahau aliyekufa. Uwezo wa kuwasahaulisha watu mauti ni uwezo mkubwa, na mwenye nao astahili kuchunguzwa kwa makini, si kwa kusifiwa tu wala kwa kulaumiwa tu.

Virginia McKenna alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alipelekwa Afrika ya Kusini, akasoma Cape Town kwa miaka kadhaa. Kisha alirudi kwao na kuingia katika chuo cha Central School of Speech and Drama. Kazi yenyewe alijifunza kwa vitendo huko Dundee, katika nchi ya Scotland, na mwaka 1951 akatokea London katika mchezo wa John Whiting uitwao A Penny for a Song. Mwaka 1955 alikuwa Rosalind katika As You Like It, mchezo wa Shakespeare, kwenye jukwaa la Old Vic. Wasomaji wetu wanaomjua Shakespeare kwa tafsiri za Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, huenda hawajakutana na Rosalind. Ni binti wa mtawala aliyenyang'anywa nchi, anayevaa mavazi ya kiume na kukimbilia msituni, na huko msituni anamfundisha mwanamume ampendaye jinsi ya kupenda. Ni sehemu ngumu, kwa kuwa mchezaji hana budi kusema maneno mengi na wakati huo huo kuonyesha kwamba anasikiliza kuliko anavyosema.

Uigizaji wa jukwaani ukiisha usiku umeisha, na sisi tuliozaliwa mbali na London hatuna haki ya kuuhukumu. Lakini kusikiliza huko nakutaja kwa sababu ndiko tunakokuona katika picha zake za sinema, na ndiko, kwa maoni yangu, kulikokuwa kipaji chake hasa. Wako waigizaji ambao wakinyamaza huonekana kama watu wanaongoja zamu yao ya kusema. Bibi McKenna akinyamaza, mtazamaji humtazama yule anayemsikiliza yeye. Uso wake hufanya kazi kama taa: haujionyeshi wenyewe, bali huonyesha kilicho mbele yake. Ndiyo maana jambo la kuuliza, katika kila picha yake, ni hili: taa hiyo ilielekezwa kwa nani?

Mwaka 1955 ilielekezwa Kenya. Picha iitwayo Simba, iliyoongozwa na Brian Desmond Hurst, ina jina la Kiswahili, lakini habari yake si ya mnyama. Ni habari ya Mau Mau, na ilitengenezwa wakati hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952 ingali inaendelea na maelfu ya Wakikuyu wamo kizuizini. Dirk Bogarde ni Mwingereza anayefika Kenya na kukuta ndugu yake ameuawa shambani. Bibi McKenna ni Mary, binti wa mlowezi. Sehemu kubwa ya kazi yao ilifanyika katika studio za Pinewood, Uingereza, hata mtazamaji aijuaye Kenya huona mara moja kwamba wale wachezaji wakuu na ile ardhi hawajapata kukutana. Kati ya wachezaji wote, anayebaki akilini ni Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa Karanja, daktari Mwafrika ambaye Wazungu hawamwamini na wenzake hawamtaki, na ambaye mwisho anauawa.

Picha hii haistahili kutetewa. Wapiganaji wa msituni wameonyeshwa kama kundi la watu wenye mapanga, bila madai ya ardhi wala sababu ya hasira yao. Hata hivyo pana jambo dogo la kulitazama. Mary ndiye Mzungu anayemwamini Karanja, na katika mazungumzo yao mwigizaji anamsikiliza Earl Cameron kwa namna ile ile niliyoieleza. Kwa muda mfupi Mwafrika anakuwa mtu kamili katika picha ambayo haikukusudia kumfanya hivyo. Maandishi ya mchezo yanamwelekeza Mary kwingine upesi, kwenye mapenzi yake na Bogarde, na mwanya ule unazibwa. Lakini ulikuwapo, nami nautaja kwa sababu mwaka 1966 hautakuwapo.

Baada ya Simba ilikuja picha ambayo naiona kuwa bora kuliko zote alizocheza, nayo ni A Town Like Alice ya mwaka 1956, iliyotokana na kitabu cha Nevil Shute. Jean Paget ni karani Mwingereza aliyetekwa na Wajapani huko Malaya pamoja na wanawake wengine na watoto. Hakuna kambi inayowataka, basi wanatembezwa kwa miguu kutoka mji hata mji, na njiani wanakufa mmoja mmoja. Kwa picha hiyo alipata tuzo ya Chuo cha Sinema cha Uingereza kwa mwigizaji bora wa kike wa nchi ile. Peter Finch, aliyecheza pamoja naye, alipata ya wanaume.

Mtu wa bonde la Kilombero akiitazama picha hiyo, ataona mambo ambayo huenda mtazamaji wa London hakuyaona. Ataona miguu. Mwanzo wa safari Jean anatembea kama mtu aliyezoea viatu na barabara ya lami. Kadiri siku zinavyopita mwendo unashuka kutoka mabegani mpaka nyongani, na mwisho anatembea pekupeku, amejifunga nguo ya Kimalaya, na mtoto wa mwenzake aliyekufa amempakata ubavuni. Haya hayakusemwa kwa maneno. Mwigizaji ameyafundisha maungo yake, naye ameyafundisha polepole mno hata mtazamaji hawezi kusema ni wapi badiliko lilipoanzia. Kisha, askari aliyekuwa akiwalinda anapokufa, Jean anamwendea mkuu wa kijiji na kumwomba wakae hapo, wafanye kazi katika mashamba ya mpunga. Mwanamke wa Kiingereza anainama matopeni. Wengi wetu tunajua jinsi mgongo unavyouma katika kazi ile, na tunajua pia mtu anayejifanya kuinama. Yeye hakujifanya.

Ombi lile kwa mkuu wa kijiji ni la mtu mwenye haja, mbele ya mwenye uwezo wa kumpa au kumnyima. Katika sinema za Kiingereza za miaka ile si jambo la kawaida kumwona Mzungu akimwomba mwenyeji wa nchi, na kujibiwa, na kuishi kwa jibu hilo. Tena picha inaanza na deni hilo likilipwa: vita vimekwisha, Jean amerithi fedha, naye anarudi Malaya kuwachimbia kisima wanawake wa kijiji kile, ili wasiende tena mbali kutafuta maji. Naomba msomaji akihifadhi kisima hicho akilini.

Picha nyingine za miaka hiyo nitazipita upesi. Carve Her Name with Pride, ya mwaka 1958, inamhusu Violette Szabo, aliyetumwa Ufaransa kwa siri wakati wa vita, akakamatwa na Wajerumani na kuuawa Ravensbrück mwaka 1945. Ni kazi njema na ya heshima, labda heshima imezidi kidogo. The Smallest Show on Earth, ya mwaka 1957, ni mchezo wa kuchekesha ambamo yeye na mumewe Bill Travers wanarithi jumba bovu la sinema lililojengwa kando ya reli, hata garimoshi likipita jumba zima linatikisika. Sina neno la kitaalamu la kusema juu yake, ila kwamba mtu aliyetazama sinema katika bonde ambamo garimoshi la TAZARA hupita usiku ataipenda kuliko inavyostahili.

Sasa tuirudie Born Free. Joy Adamson halisi hakuwa Mwingereza. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku hizo ulikuwa chini ya dola ya Austria na leo waitwa Opava katika nchi ya Czech, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kijerumani. Alikuwa mchoraji, mtu mwenye hasira za ghafula, na si rahisi kuishi naye, kama wengi waliomjua walivyoandika. Kitabu chake juu ya Elsa kilitoka mwaka 1960. Picha ya sinema ilimgeuza kuwa Mwingereza mpole, ikampa Bibi McKenna amchukue, na George akawa Bill Travers, mumewe wa kweli. Mwongozaji alikuwa James Hill. Walifanya kazi Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, kati ya mwaka 1964 na 1965, Kenya ikiwa imekwisha pata uhuru wake.

Ugumu wa kazi ile hauonekani kwa urahisi, na ni haki kuueleza. Simba hapewi maandishi ya mchezo. Hajui kwamba anaigiza, wala hawezi kurudia alichofanya jana. Mwigizaji wa jukwaani amefunzwa kujua neno litakalofuata. Mbele ya simba hana neno litakalofuata, ana pumzi ya mnyama na uzito wake. Akionyesha hofu mnyama ataitambua. Akiificha hofu kwa ustadi wa kuigiza, kamera itautambua ustadi huo na kuuona kuwa uongo. Njia iliyobaki ni kutoogopa hasa, na hilo halipatikani ila kwa kukaa na wanyama siku nyingi, jambo ambalo yeye na mumewe walilifanya, naye akaumia mguu katika kulifanya. Matokeo yake ni kitu ambacho sijakiona tena katika sinema: mwanamke na simba wanatazamana, na hakuna kati yao anayetushughulikia sisi. Kipaji chake cha kusikiliza kilikuwa kimepata mwenzi asiyeweza kusema, na kwa sababu hiyo kikawa kikubwa kuliko ilivyopata kuwa.

Haya nayasema kwa moyo mweupe. Lakini tazama walio kandokando. Nuru, aliyechezwa na Peter Lukoye, na Makkede, aliyechezwa na Omar Chambati, wamo katika picha tangu mwanzo. Katika maisha ya kweli Nuru ndiye aliyewatunza wale simba wachanga siku kwa siku; katika sinema ni mtumishi mcheshi, anayekimbizwa, anayebeba, anayetabasamu. Peter Lukoye ana uso mwema na mwepesi, nami ningependa kujua angefanya nini kama angepewa hata mazungumzo mamoja ya dhati na Joy, mfano wa yale aliyopewa Earl Cameron katika Simba. Hakupewa. Mwaka 1955, katika picha iliyojaa chuki, mwigizaji huyu alipata nafasi ya kumsikiliza Mwafrika. Mwaka 1966, katika picha iliyojaa upendo, hakuipata. Taa ilikuwa imegeuziwa simba, na wengine wakabaki gizani.

Tena kuna giza jingine. Elsa alipatikana mwaka 1956. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo Dedan Kimathi alikamatwa, na wapiganaji wake walikuwa wameishi katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, ule ule unaoonekana nyuma ya wachezaji wa Born Free ukiwa na theluji yake. Neno uhuru linatajwa na kutajwa katika picha hii, nalo ni uhuru wa mnyama. Sisemi kwamba simba hana haki ya uhuru. Nasema kwamba kulitamka neno hilo chini ya mlima ule, miaka michache baada ya mambo yale, bila kusikia mwangwi wowote, kulihitaji masikio ya namna fulani.

Je, lawama hii ni ya mwigizaji? Wanafunzi wangu hugawanyika hapa. Wako wanaosema kwamba mchezaji ni kama mpiga zumari, hakutunga wimbo. Wako wanaosema kwamba kila mchezaji huchagua, na kwamba tukiziweka pamoja sehemu kubwa za Bibi McKenna tunaona mfululizo: binti wa mlowezi Kenya, mateka Malaya, mke wa Bwana Nyama Kenya, na mwaka 1979 Anna, mwalimu wa Kiingereza katika jumba la mfalme wa Siam, katika The King and I pamoja na Yul Brynner kwenye ukumbi wa Palladium wa London, mchezo wa nyimbo uliompa tuzo ya mwigizaji bora wa michezo ya namna hiyo. Mara nne ni mwanamke wa Kiingereza katika nchi za watu, mwenye moyo mwema, anayewaona wenyeji vizuri kuliko Wazungu wenzake. Wasemao hivi wana hoja. Dola ilipokuwa ikianguka, Uingereza ilihitaji kujiona katika uso wa namna hiyo, na uso wake ulikuwa tayari.

Mimi siwezi kusimama upande wowote moja kwa moja, kwa sababu ya yaliyotokea baada ya picha kwisha, ambayo kwa kawaida mhakiki hapaswi kuyajali, lakini hapa hayaepukiki.

Kazi ya Born Free ilipomalizika, wale simba walioigiza walikuwa mali ya kuuzwa au kutolewa. Bibi McKenna na Travers walitaka wote waachiliwe porini chini ya uangalizi wa George Adamson. Walifanikiwa kwa watatu: Boy, Girl na Ugas, waliopelekwa Meru. Wengine waliishia katika mabustani ya wanyama. Katika kazi hii ya michezo, ambamo watu hukumbatiana jukwaani na kutojuana barabarani, ni nadra kumwona mchezaji akidai haki ya mwenziwe baada ya pazia kushuka, tena mwenzi asiyeweza kumshukuru wala kumsema kwa ubaya. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 walitengeneza Kenya picha nyepesi, An Elephant Called Slowly, ambamo alicheza ndovu mdogo wa kike aliyeitwa Pole Pole. Ndovu huyo alikuwa amekamatwa ili awe zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Waliomba wamnunue aachwe Tsavo kwa David Sheldrick. Wakaambiwa kwamba wakimchukua huyo, itabidi akamatwe mwingine. Wakaacha. Hawakutaka uhuru wa mmoja uwe kifungo cha mwingine, na nadhani hakuna mwandishi wa michezo aliyewahi kuwapa hali ngumu kuliko hiyo. Miaka mingi baadaye walimtembelea London, naye akawanyooshea mkonga kupita ua. Alikufa mwaka 1983. Mwaka uliofuata wakaanzisha chama kilichoitwa Zoo Check, ambacho baadaye kilipata jina la Born Free, na tangu hapo kazi ya Bibi McKenna duniani ikawa hiyo zaidi kuliko sinema. Travers alifariki mwaka 1994. Mwaka 2023 Bibi McKenna alipewa na mfalme wa Uingereza cheo cha Dame.

Yote hayo ni ya kusifiwa. Lakini nimesema kwamba sitasifu tu. Simba Boy, yule wa sinema, alihamia na George Adamson mpaka Kora. Huko, mwaka 1971, alimwua mfanyakazi mmoja Mwafrika aliyeitwa Stanley, na George akampiga Boy risasi siku hiyo hiyo. George aliyaandika hayo kwa uchungu na bila kujificha. Msomaji aliyeitazama Born Free hawezi kuyasoma bila kushtuka, kwani ni mwanzo ule ule wa picha umerudi: Mwafrika aliyekuwa katika kazi zake, simba, bunduki ya Bwana Nyama. Tofauti ni kwamba safari hii marehemu alikuwa na jina, na simba alikuwa na jina pia, na dunia ililijua zaidi lile la simba.

Simtwiki Bibi McKenna kifo cha Stanley, kwa kuwa hilo lingekuwa dhuluma. Ninalomtwika yeye, na pamoja naye wote waliotengeneza picha ile, ni dogo zaidi na kwangu mimi mhakiki ni zito: alikuwa na kipaji cha kumfanya mtazamaji amwone yule aliye mbele yake, na kazi iliyomfanya ajulikane kwetu kuliko zote ilikitumia kipaji hicho ili tusiwaone watu. Jean Paget wa mwaka 1956 alirudi kuwachimbia wanawake kisima kwa sababu aliijua safari ya kwenda majini; alikuwa ameitembea. Joy wa mwaka 1966 hauendei mto ule hata mara moja. Hamwulizi George jina la aliyekufa, wala kama aliacha watoto. Mwigizaji aliyeweza kuinama katika mpunga wa Malaya angeweza kuuliza swali hilo kwa nusu dakika, bila kuharibu chochote katika mapenzi yake kwa Elsa, na picha nzima ingebadilika. Ndipo tungemwona mtu anayempenda simba huku akijua simba ni nini, kama watu wa bondeni wanavyojua, ambao wengi wao hawamchukii mnyama hata kidogo. Huzisimulia habari zake usiku, humcheka, humheshimu, na huwazuia watoto wasikae mtoni jua likizama.

Nimeitazama Born Free mara nyingine kadhaa tangu siku ile ya Mbingu, kwa utulivu, bila jenereta na bila mfasiri. Kila mara uso wa Bibi McKenna umenishinda. Kila mara nimefika mwisho, pale Elsa anapotoka porini akifuatwa na watoto wake watatu, macho yakiwa yamenilowa, nami ni mtu niliyekwisha kuandika dhidi ya picha hiyo. Mama yule aliyeuliza habari za mazishi hakuuona mwisho huo. Alikwisha kuondoka zamani, na mwanawe mgongoni, kwa kuwa giza lilikuwa likiingia na dungu lake lilikuwa mbali, ng'ambo ya mto.